SOMO LA WANACHAMA: KUTENGANISHA SHABA NA ALUMINI KABLA YA KUUZA

Mkulima wa pamba hana haja ya kufundishwa kwamba pamba safi na pamba fifi haziwekwi katika gunia moja. Anajua kuwa zikichanganywa, mnunuzi atalipa gunia zima kwa bei ya pamba fifi, na jasho la msimu mzima litapotea kwa dakika chache za mizani. Biashara ya vyuma chakavu inatawaliwa na kanuni hiyo hiyo, ijapokuwa wengi wanaoifanya bado hawajaizoea.

Mafundi wa friji na viyoyozi, mafundi umeme, na wakusanyaji wa vyuma chakavu hupata kila wiki vitu ambavyo ndani yake shaba na alumini zimefungamana. Aghalabu vitu hivyo huuzwa kama vilivyo, kwa bei anayoitaja mnunuzi, au hutupwa motoni kwa matumaini kwamba moto utafanya kazi ya mikono. Njia ya kwanza humnyima mwanachama sehemu ya haki yake. Njia ya pili humharibia mali, na afya yake pia. Madhumuni ya somo hili ni kuwaonyesha makatibu na wanachama jinsi ya kuzitambua metali hizi mbili, kuzitenganisha kwa usalama, kukadiria kiasi cha kila moja kabla ya kuuza, na kupiga hesabu ya kujua ni wakati gani kazi ya kutenganisha inalipa na ni wakati gani hailipi.

1. Tabia za metali hizi mbili

Shaba nyekundu, ambayo sokoni huitwa kopa, ni metali nzito. Kipande chake chenye ujazo wa lita moja kina uzito wa karibu kilo 8.9. Kipande cha alumini chenye ujazo huo huo kina uzito wa kilo 2.7 tu. Chuma cha kawaida kipo karibu na shaba, kwa kilo 7.9 hivi. Shaba huyeyuka kwenye joto la digrii 1,085 za sentigredi, alumini kwenye digrii 660, na chuma kwenye digrii 1,538. Tarakimu hizi zafaa kukumbukwa, kwa maana zitahitajika mbele.

Watengenezaji wa mitambo huziunganisha shaba na alumini kwa makusudi. Katika rejeta ya kiyoyozi, ambayo mafundi wengine huiita kondensa, gesi ya kupoozea hupita ndani ya mabomba ya shaba, kwa sababu shaba hupitisha joto vizuri, hukunjika bila kupasuka, na huungika kwa urahisi. Nje ya mabomba hayo kuna mamia ya vibati vyembamba vya alumini, ambavyo kazi yake ni kulitawanya joto katika hewa. Kiwandani bomba hupitishwa katika matundu ya vibati, kisha hutanuliwa kutoka ndani hadi likabane kabisa. Ndiyo sababu vibati hivyo havichomoki kwa kuvutwa tu.

Viwanda vya kuyeyusha havipendi mchanganyiko wa metali hizi, na sababu yao ni ya kweli. Shaba ikishaingia katika alumini iliyoyeyuka, hakuna njia ya kawaida ya kuitoa. Itabaki humo na kuifanya alumini isifae kwa kazi nyingi, na itaongeza uwezekano wa kuliwa na kutu. Kwa upande wa pili, alumini ikiingia katika tanuri la shaba, huungua na kutoka pamoja na takataka za tanuri, hivyo hupotea yote. Hasara hiyo si ndogo, kwani kuyeyusha alumini chakavu hutumia takribani sehemu 5 katika 100 za nishati inayohitajika kuipata alumini mpya kutoka katika udongo wa madini yake. Mnunuzi anayepokea mchanganyiko anajua kwamba kuna mtu atakayelazimika kuutenganisha, na gharama ya mtu huyo huikata mapema katika bei anayomlipa mwanachama.

2. Namna ya kuzitambua

Rangi peke yake hudanganya. Shaba iliyokaa nje huwa nyeusi au kijani, na shaba iliyopakwa bati huonekana nyeupe kama alumini. Njia ya uhakika ni kukwaruza kwa tupa mpaka ganda la juu liondoke. Ikitokea rangi nyekundu, hiyo ni shaba. Ikitokea rangi ya manjano, hiyo ni shaba ya njano iitwayo brasi, ambayo ina bei yake na gunia lake. Ikitokea nyeupe, laini na nyepesi mkononi, hiyo ni alumini.

Sumaku nayo haina budi kuwapo katika kila ghala, lakini matumizi yake yaeleweke vema. Sumaku hunasa chuma, na hainasi shaba wala alumini. Kwa hiyo husaidia kugundua misumari, skrubu na mabati ya chuma yaliyojificha ndani ya mzigo. Kitu kisichonaswa na sumaku hakijathibitishwa bado kuwa shaba.

Hadhari ipo katika nyaya. Zipo nyaya za alumini zilizovikwa ganda jembamba la shaba, nazo kwa nje hazitofautiani na kopa halisi. Mpokeaji aikate ncha ya waya na kuitazama. Kiini kikiwa cheupe, waya huo ni wa alumini. Vivyo hivyo, baadhi ya mota za feni na za mashine za kufulia zimefungwa nyaya za alumini zilizopakwa vanishi yenye rangi ya shaba. Mkwaruzo mmoja wa kisu wakati wa kupokea huepusha ugomvi mkubwa siku ya kuuza.

3. Kazi ya kutenganisha

Kabla ya msumeno kugusa bomba lolote la friji au kiyoyozi, yapasa gesi iwe imekwisha kutolewa na fundi mwenye kifaa cha kuivuta na kuihifadhi ndani ya mtungi. Gesi nyingi za aina hii ama huharibu tabaka la ozoni, jambo lililowekewa udhibiti na Mkataba wa Montreal wa 1987, ama huongeza joto la dunia, jambo lililoongezwa katika mkataba huo huko Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016. Tena friji nyingi za siku hizi hutumia gesi inayoshika moto upesi. Mtu akikata bomba lake kwa mashine inayotoa cheche, anaweza kuungua usoni. Kapasita za viyoyozi nazo hubaki na umeme hata baada ya mtambo kuchomolewa ukutani, kwa hiyo ziondolewe na fundi umeme. Kila mfanyakazi avae glovu ngumu na miwani, kwani vibati vya rejeta hukata ngozi kama wembe.

Rejeta hutenganishwa kwa hatua tatu. Kwanza, tope na majani huondolewa, kwa sababu hakuna mnunuzi anayelipia udongo. Pili, ncha mbili za rejeta hukatwa kwa msumeno wa chuma. Kwenye ncha hizo ndiko yaliko mabati ya chuma yanayoishikilia rejeta, pamoja na mikunjo ya mabomba, ambayo ni shaba tupu isiyo na vibati. Hatua hii ni fupi, na faida yake ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Tatu, pakiwa na sababu ya kuendelea, vibati hupasuliwa kwa urefu katikati ya safu za mabomba, kisha huchanwa upande mmoja baada ya mwingine mpaka bomba libaki peke yake. Sehemu za bomba zenye maungio ya kuchomelea hukatwa na kuwekwa kando, kwa kuwa wanunuzi huziweka katika daraja la pili la shaba.

Mota hufunguliwa kwa spana. Ganda lake laweza kuwa la chuma au la alumini, na sumaku itaamua. Nyaya zilizomo hukatwa kwa patasi upande mmoja na kuvutwa kutoka upande wa pili. Sehemu ya katikati inayozunguka aghalabu ni chuma kilichomiminiwa alumini ndani yake. Hiyo haitenganishiki kwa mkono, na afadhali iuzwe kama ilivyo. Kompresa ya friji imefungwa kwa kuchomelewa na ina mafuta ndani, hivyo isipasuliwe na asiye na vifaa.

Waya mnene huchunwa ngozi yake ya plastiki kwa kisu au kwa kifaa cha kuchunia. Waya mwembamba haulipi kazi hiyo, na wafaa kuuzwa pamoja na ngozi yake katika daraja lake. Ama transfoma za umeme, chama kisizipokee wala kuzifungua. Mafuta ya baadhi ya transfoma za zamani yana sumu inayokaa mwilini kwa miaka mingi.

Vitu vilivyokwisha kutenganishwa viwekwe pakavu, kila metali katika gunia lake lenye kibandiko. Shaba na alumini zikigusana mahali penye unyevu, alumini huliwa haraka na kugeuka unga mweupe. Hali hiyo ni mbaya zaidi pwani, ambako hewa ina chumvi. Mzigo uliolala mvuani Tanga au Mombasa kwa miezi kadhaa utapungua uzito hata kama hakuna mwizi aliyeugusa.

4. Kwa nini moto usitumike

Wengi hufikiri hivi: ikiwa alumini huyeyuka kwenye digrii 660 na shaba kwenye digrii 1,085, basi moto wa wastani utaitiririsha alumini na kuiacha shaba ikiwa safi. Kwa alumini iliyoshikana na chuma, viwanda vyenye matanuri maalumu hufanya jambo linalokaribiana na hilo. Kwa shaba hesabu hiyo haifai. Metali hizi mbili zikigusana ndani ya moto huanza kulana, na mchanganyiko wao huweza kuyeyuka kwenye digrii 548 tu, yaani chini ya kiwango cha kila moja ikiwa peke yake. Matokeo yake ni madonge ya kijivu yanayovunjika kama kigae, ambayo si shaba wala si alumini. Bomba linalosalia hupata ganda jeusi, na sehemu yake nyingine huwa imekwisha kuliwa. Mwanachama aliyeingia motoni na aina mbili za mali hutoka na aina moja ya takataka.

Madhara kwa afya ni makubwa zaidi ya hasara ya fedha. Plastiki inayovika nyaya nyingi ina klorini. Inapofukizwa pamoja na shaba, huzaliwa sumu ziitwazo dayoksini, na shaba yenyewe huchochea kuzaliwa kwake. Sumu hizo hukaa katika mafuta ya mwili, na hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto kwa njia ya maziwa. Mkataba wa Stockholm wa 2001 umetaja waziwazi uchomaji wa nyaya za shaba miongoni mwa vyanzo vya sumu hizo. Ulimwengu uliona mfano wake huko Agbogbloshie, mjini Accra, Ghana, ambako kwa miaka mingi vijana walichoma nyaya uwanjani, udongo na hewa vikachafuka, hata eneo hilo likabomolewa na serikali mwezi Julai 2021.

Kwa hiyo chama kitunge kanuni katika mkutano wake kwamba hakitapokea shaba iliyochomwa. Kanuni hiyo ikitajwa kwa maneno tu haitafuatwa. Bei ndiyo itakayoifanya ifuatwe: mwanachama akiona kwamba shaba nyeusi haipokelewi, na ile iliyochunwa kwa kisu inalipwa daraja la juu, ataacha kuwasha moto bila kusukumwa.

5. Kupima kwa maji

Mnunuzi mzoefu hutazama mzigo wa rejeta na kusema, "Humu shaba ni kidogo." Katibu asiye na kipimo hana la kumjibu. Lakini kipimo kipo, nacho hakihitaji chochote zaidi ya mizani, ndoo, beseni na jagi la kupimia lenye alama za mililita.

Kata kipande cha rejeta kilichokwisha kuondolewa chuma na uchafu, ambacho mabomba yake yako wazi pande zote mbili. Kipime uzito. Weka ndoo ndani ya beseni kavu na uijaze maji mpaka ukingoni kabisa. Zamisha kipande polepole huku ukikitikisa, hewa yote itoke katika mabomba na baina ya vibati. Maji yatakayomwagika katika beseni yapime kwa jagi. Kiasi hicho cha maji ndicho ujazo wa metali yenyewe. Kisha gawanya mililita kwa kilo za kipande, ili kupata mililita kwa kila kilo moja, na ulinganishe na orodha hii:

Shaba tupu: mililita 112 kwa kilo.
Shaba robo tatu, alumini robo: mililita 177.
Nusu kwa nusu: mililita 241.
Shaba robo, alumini robo tatu: mililita 306.
Alumini tupu: mililita 370.

Kwa mfano, kipande chenye uzito wa kilo 2 kikimwaga mililita 400, kila kilo imemwaga mililita 200. Tarakimu hiyo ipo kati ya 177 na 241, karibu zaidi na 177. Kwa hesabu kamili, kila kilo ya kipande hicho ina gramu 660 za shaba na gramu 340 za alumini. Kipimo kirudiwe mara tatu kwa vipande kutoka rejeta tofauti, na wastani wake uandikwe. Hewa ikibaki ndani, ujazo utaonekana mkubwa na shaba itaonekana ndogo kuliko ilivyo, kwa hiyo haraka humdhuru muuzaji mwenyewe.

Katibu anayekwenda sokoni na karatasi ya vipimo hivyo huzungumza na mnunuzi kwa lugha nyingine kabisa. Anayeuza kahawa ya wanachama hukubali bei baada ya kahawa kuonjwa na kupewa daraja, na mwuza vyuma chakavu anastahili vivyo hivyo.

6. Je, kutenganisha kunalipa?

Jibu la swali hili si lile lile kila siku, na chama kisichopiga hesabu kinaweza kuwachosha wanachama bure. Ichukuliwe kwamba chama kina kilo 200 za rejeta za viyoyozi. Ndani yake mna shaba kilo 84, alumini kilo 92, chuma kilo 20, na uchafu kilo 4. Bei zifuatazo zimewekwa kwa ajili ya kujifunzia tu, na kila chama kitatumia bei za soko lake: rejeta chafu yenye chuma shilingi 6,000 kwa kilo, rejeta safi isiyo na chuma shilingi 8,500, shaba shilingi 16,000, alumini shilingi 4,000, na chuma shilingi 800. Ujira wa mtu mmoja kwa siku ni shilingi 12,000.

Njia ya kwanza ni kuuza kama zilivyo. Kilo 200 kwa shilingi 6,000 ni shilingi 1,200,000. Hakuna gharama ya kazi.

Njia ya pili ni kukata ncha na kuondoa chuma na uchafu tu. Zinabaki kilo 176 za rejeta safi, ambazo kwa shilingi 8,500 ni shilingi 1,496,000. Chuma kilo 20 ni shilingi 16,000. Jumla ni shilingi 1,512,000. Watu wawili wakifanya kazi siku moja, ujira ni shilingi 24,000, na nyembe za msumeno shilingi 14,000. Baki ni shilingi 1,474,000.

Njia ya tatu ni kutenganisha kabisa. Shaba kilo 84 ni shilingi 1,344,000, alumini kilo 92 ni shilingi 368,000, na chuma shilingi 16,000. Jumla ni shilingi 1,728,000. Lakini kazi hii inachukua watu wanne kwa siku tano, yaani ujira wa shilingi 240,000, na nyembe za shilingi 40,000. Baki ni shilingi 1,448,000.

Hesabu hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kazi ya siku moja ya kuondoa chuma imeongeza shilingi 274,000, na hakuna sababu kwa chama chochote kuiacha. La pili ni kwamba kutenganisha kabisa, ingawa kumeleta fedha nyingi zaidi mezani, kumeacha shilingi 26,000 pungufu ya njia ya pili baada ya kulipa kazi. Watu wale wale wakimaliza kwa siku nne badala ya tano, gharama itashuka hadi shilingi 232,000, baki itakuwa shilingi 1,496,000, na njia ya tatu itaishinda ya pili kwa shilingi 22,000. Uamuzi wote, basi, umesimama juu ya siku moja ya kazi. Ndiyo maana katibu anapaswa kuandika saa za kazi kwa uaminifu ule ule anaoandika kilo.

Rejeta safi ina soko kwa sababu viwanda vyenye mashine huisaga ikawa punje, kisha hutenganisha punje za shaba na za alumini kwa upepo na mtikisiko, kufuatana na uzito wake. Penye mnunuzi wa namna hiyo, mkono wa mwanachama hauna haja ya kushindana na mashine. Kwa mota na nyaya nene mambo huwa kinyume, kwani shaba yake hutoka upesi na kazi ya mkono hulipa.

7. Madaftari, malipo na sheria

Chama kinachopokea kutoka kwa wanachama wengi hakina budi kuandika kila mzigo kwa daraja lake, na kumpa mwanachama risiti inayoonyesha uzito, daraja na malipo ya awali. Baada ya kuuza, ziada igawanywe kama malipo ya pili kwa kufuata daraja na uzito ulioletwa. Mwanachama aliyeleta shaba safi akilipwa sawa na aliyeleta mchanganyiko, mwezi unaofuata wote wataleta mchanganyiko.

Daftari la mapokezi lina kazi ya pili, nayo ni kukilinda chama. Shaba na alumini ndizo metali za umeme, na kwa hiyo huvutia wezi wa miundombinu. Nchini Kenya, mwezi Januari 2022, nguzo za laini kubwa ya umeme ya kutoka Kiambere hadi Embakasi zilianguka, na umeme ukakatika sehemu kubwa ya nchi. Baadaye mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kusimamishwa kwa biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, na katazo hilo halikuondolewa hadi mwezi Mei. Wafanyabiashara waaminifu walikaa miezi hiyo bila kazi kwa makosa ya watu wengine. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni na kuweka kumbukumbu za anachonunua. Tanzania nayo inamtaka anayekusanya au kusafirisha vyuma chakavu awe na kibali chini ya kanuni za mazingira kuhusu taka hatarishi.

Kwa hiyo kila mzigo uandikwe jina la mwanachama, tarehe, aina ya kitu na mahali kilikotoka. Fundi aliyebadilisha kiyoyozi cha nyumba ya wageni aeleze hivyo, na ikiwezekana alete hati ya mwenye mali. Nyaya za laini za umeme, nyaya za simu, alama za barabarani na vifaa vya reli visipokelewe kabisa, hata kama aliyevileta ni mwanachama wa siku nyingi. Halmashauri ya chama ikague daftari hilo kila mwezi na kulitia sahihi.

8. Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

(a) Katika mwezi uliopita, chama kiliuza mizigo mingapi ikiwa imechanganyika? Ni nani aliyeamua bei yake?

(b) Kipande cha kilo 3 kimemwaga mililita 723. Je, kina shaba kiasi gani na alumini kiasi gani? (Jibu: kilo moja na nusu kila moja.)

(c) Rudieni hesabu ya sehemu ya 6 kwa kutumia bei za soko lenu na ujira wa mahali penu. Ni njia ipi iliyo bora? Ni siku ngapi za kazi zinazoweza kubadilisha jibu?

(d) Je, kuna mwanachama anayechoma nyaya nyumbani kwake? Ni mpango gani wa bei utakaomfanya aache?

(e) Daftari la mapokezi lisomwe mbele ya kikundi. Afisa akija leo na kuuliza mzigo wa mwisho ulitoka wapi, katibu atamwonyesha ukurasa gani?

Majibu ya maswali (a), (c) na (d) yaandikwe na katibu na kuwasilishwa katika mkutano wa halmashauri unaofuata, ili bei za mapokezi kwa kila daraja zipangwe kabla ya mzigo mwingine kupokelewa.